Zermatt ya Januari, Zermatt ya Julai: namna ya kuuelewa mji wa skii kabla ya kukata tiketi

Anayepanga safari yake ya kwanza ya Uswisi huanza na swali moja: theluji ipo mwezi gani? Ni swali la haki, ila huwezi kulijibu kwa kutaja mwezi. Pale Zermatt, katikati ya Julai, mtu anaweza kunywa kahawa kijijini akiwa na fulana ya mikono mifupi, akapanda gari la waya, yaani kibanda kinachovutwa mlimani kikining'inia kwenye waya, na kabla ya saa moja kupita akawa amesimama juu ya theluji, meno yanagongana kwa baridi. Na ipo miaka ambayo Desemba inafika kijiji kikiwa na nyasi kavu tu, huku juu yake watu wanateleza kutwa nzima kwa skii, vile vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Kwanza jiulize unataka kusimama mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Mwezi utafuata.

Kijiji chenyewe kiko kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, jirani na mpaka wa Italia, kwenye kimo cha mita 1,600 hivi. Juu yake umesimama Matterhorn, mlima wa mita 4,478 ambao hata asiyelijua jina lake pengine ameshaiona picha yake. Treni ya meno, yenye gurudumu la meno linaloshika reli ili isirudi nyuma, hupanda hadi Gornergrat, mita 3,089. Magari ya waya hupanda hadi Klein Matterhorn, kilele cha mita 3,883, ambapo kituo chake, kwenye mita 3,820 hivi, ndicho kituo cha gari la waya kilicho juu kuliko vyote barani Ulaya. Kwa wastani joto hushuka kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya kijiji na kituo hicho kuna tofauti ya nyuzi 15 hivi siku hiyohiyo. Chini ikiwa 20, juu ni 5, na upepo ukianza kuvuma utaapa kwamba ni chini ya sifuri.

Wanaoijua Kilimanjaro watanielewa upesi hapa. Kambi ya Horombo, katika njia ya Marangu, iko mita 3,720. Mpandaji huifikia siku ya pili, baada ya kulala Mandara, na waongozaji hawachoki kumwambia “polepole” njia nzima. Kituo cha Klein Matterhorn kiko juu kuliko Horombo, nawe unakifikia ukiwa umekaa kitini, bila mwili kupewa hata usiku mmoja wa kuzoea. Kanieneo ya hewa pale haifiki theluthi mbili ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Ndiyo maana mgeni mwenye afya njema anapanda ngazi chache za jukwaa la kutazamia mandhari na kujikuta ameshika ukuta, anahema, kichwa kinamgonga. Dawa ya kwanza ni kushuka. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu, na mama mjamzito, azungumze na daktari kabla ya safari. Kwa wengine, mpangilio ninaoupenda ni huu: siku ya kwanza ishia kijijini au kituo cha Sunnegga, mita 2,288, siku ya pili nenda Gornergrat, Klein Matterhorn iwe ya mwisho.

Jua la huko nalo lisidharauliwe kwa sababu ya baridi. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huweza kuirudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, wakati mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 tu. Maana yake unachomwa kutoka juu na kutoka chini, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini macho hayana rangi ya kuyakinga. Miwani ya giza ni lazima, Januari na Julai vilevile.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba miji kama hii ilianza kama miji ya majira ya joto. Waingereza matajiri wa karne ya 19 walikwenda Zermatt kupanda milima, si kuteleza. Mnamo 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walifika kileleni mwa Matterhorn, wa kwanza kabisa. Wakati wa kushuka wanne walianguka wakafa. Kipande cha kamba iliyokatika siku ile kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kijijini, chembamba kiasi cha kukutia huzuni. Msiba ule uliandikwa na magazeti ya Ulaya nzima, na wageni wakazidi kumiminika. Reli kutoka Visp, mji wa bondeni, ilifika mwaka 1891, na treni ya meno ya Gornergrat ikaanza mwaka 1898. Lakini baridi ilipoingia kijiji kilifungwa na theluji, hoteli zikafungwa, wenyeji wakabaki na mifugo yao. Wenye hoteli walijaribu kupokea wageni wa majira ya baridi mwishoni mwa miaka ya 1920, na treni kutoka bondeni ikaanza kwenda mwaka mzima mwaka 1933. Kwa hiyo anayekwenda Julai asidhani anakula makombo ya Januari. Yeye ndiye aliyeujenga mji.

Kilichougeuza mlima ukawa na majira mawili ya biashara ni lifti, yaani magari ya waya na mitambo mingine inayopandisha watu mlimani. Ukiielewa lifti, mambo mengi yanayochanganya hunyooka: bei, tiketi, ratiba, hata miezi ya kufungwa. Wakati wa baridi lifti hukupandisha ili ushuke kwa skii, upande tena, ushuke tena, pengine mara kumi na tano kwa siku. Ndiyo maana tiketi ya baridi huuzwa kwa siku na kwa eneo: unalipia haki ya kupanda utakavyo. Unapewa kadi, unaitia mfuko wa kushoto wa jaketi peke yake bila simu wala kadi nyingine, na kizuizi kinafunguka chenyewe ukikisogelea. Eneo la Zermatt limeungana na Cervinia ya upande wa Italia, na kwa pamoja lina takriban kilomita 360 za njia za kutelezea. Mtu anaweza kula chakula cha mchana Italia akarudi kulala Uswisi, mradi awahi lifti ya mwisho; ukiachwa, njia ya kuzunguka milima kwa gari ni ya saa nyingi na ya gharama kubwa.

Wakati wa joto lifti ileile hukupunguzia mateso ya kupanda, basi. Unapanda mara moja, unatembea saa tatu, unashukia kituo kingine. Hapo tiketi za kutoka kituo hadi kituo ndizo zenye maana, na wageni wengi hutupa pesa kwa kununua tiketi ya eneo zima ambayo hawawezi kuitumia hata robo. Mwenye pasi ya usafiri ya Uswisi aionyeshe dirishani kabla ya kulipa: treni ya kumfikisha Zermatt imo ndani yake, na kwa Gornergrat kuna punguzo kubwa. Na asiyeteleza anayekuja Januari asiuziwe tiketi ya skii. Ziko tiketi za watembea kwa miguu.

Bei ya baridi inauma, na sababu zake zinaonekana mlimani. Theluji inayotelezewa ni theluji iliyofanyiwa kazi. Usiku, lifti zikifungwa, magari makubwa ya minyororo hupita kila njia kuisawazisha na kuishindilia, na kwenye miteremko mikali hufungwa kwa waya wa chuma ulionyooshwa kwa mamia ya mita. Asiyejua akibaki njiani baada ya saa za kufunga huweza kugongana na waya huo gizani, na watu wamekufa hivyo katika Alps, safu ya milima ambamo Zermatt imo. Pale theluji ya mawinguni isipotosha, mizinga hurusha ukungu wa maji na hewa yenye shinikizo kwenye baridi ya chini ya sifuri, matone yakaganda kabla ya kutua. Kazi hiyo inataka baridi ya nyuzi mbili tatu chini ya sifuri, na hewa ikiwa kavu huwa rahisi zaidi. Inataka pia maji mengi na umeme mwingi. Baadhi ya mabwawa mazuri ambayo mtalii wa Julai huyapiga picha katika Alps yalichimbwa kwa ajili ya mizinga ya Desemba. Miji ya chini inaitegemea kazi hii zaidi: Kitzbühel ya Austria, kwa mfano, iko mita 762 tu. Zermatt ina nafuu ya kimo.

Sasa tuseme umeamua Januari au Februari na hujawahi kuvaa skii. Kila kitu kinakodishwa, usinunue. Dukani utaulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu; jibu kweli, kwa sababu kwa namba hizo fundi hurekebisha kifungio kinachoshika buti kwenye skii, ili kiachie mguu ukianguka kabla goti halijapinda. Aliyedanganya uzito kwa aibu anacheza na goti lake. Buti lenyewe ni gumu na halifanani na kiatu chochote ulichowahi kuvaa. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kulala mbele, virudi nyuma. Vaa soksi moja ndefu. Wengi huvaa mbili kwa kuogopa baridi, zinajikunja, zinazuia damu, na miguu inakuwa baridi kuliko ya mwenye moja. Suruali ya jinzi usiivae kabisa: inalowa, inaganda, na siku yako imekwisha. Kofia ngumu vaa, hata kama watu wazima wawili watatu hawakuvaa.

Lipia mwalimu kwa siku mbili za mwanzo. Pale Sunnegga, karibu na ziwa la Leisee, kuna uwanja wa wanaoanza, wenye mkeka unaosogea ambao hukupandisha mteremko mdogo ukiwa umesimama. Hutahitaji njia ndefu siku hiyo. Kwa Waswahili wa Ghuba kuna njia ya mkato: uwanja wa ndani wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005, unatosha kabisa kujifunza kusimama, kupinda na kuanguka bila kuumia, kabla ya kulipa bei za Uswisi. Na anayesema skii haituhusu sisi amtazame Philip Boit, Mkenya aliyeshindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, huko Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliibeba bendera ya Kenya na kushindana katika skii za mteremko.

Njia hutambulishwa kwa rangi, na hapa pana mtego unaowanasa wanaokuja majira yote mawili. Wakati wa baridi, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Njano ni njia iliyowekewa alama na kulindwa dhidi ya maporomoko ya theluji, lakini haisawazishwi. Si ya mgeni. Wakati wa joto, katika njia za kutembea, njano ndiyo rahisi kuliko zote. Alama ya nyeupe, nyekundu, nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka viatu vigumu na mguu imara. Nyeupe, bluu, nyeupe ni ya wazoefu, yenye kamba, mawe na pengine barafu. Aliyezoea kwamba bluu ni ya wanaoanza akaifuata bluu hiyo mwezi Agosti atajikuta pabaya. Pia kuna vibao vya waridi wakati wa baridi: hivyo ni vya njia za kutembea kwa miguu zilizoshindiliwa, na ndivyo rafiki wa asiyeteleza.

Kwani inawezekana kabisa kufurahia Januari bila skii. Treni ya Gornergrat hufanya safari ya dakika 33 hivi, na upande wa kulia unapopanda unaitazama Matterhorn karibu njia nzima. Kati ya vituo vya Rotenboden na Riffelberg vya treni hiyo kuna mteremko wa kuteleza kwa sleji, kigari cha kukalia kisicho na magurudumu, ambao mtu wa umri wowote mwenye nguvu za kukanyaga breki kwa visigino ataumudu. Kwa familia ambayo baba na mama hawana hamu ya kujifunza skii, ningeshauri hayo mawili pamoja na siku moja ya kutembea kwenye njia za waridi, na pesa zilizobaki ziende kwenye hoteli yenye joto la kutosha.

Majira ya joto yana utajiri wake. Njia ya Maziwa Matano huanzia kituo cha Blauherd, mita 2,571, ikaishia Sunnegga, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Inapita Stellisee, Grindjisee, Grünsee, Moosjisee na Leisee. Ukitaka kuiona Matterhorn imelala ndani ya maji, fika Stellisee asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Saa nne asubuhi maji yameshaanza kukunjamana na watu wamejaa. Leisee unaweza kuoga, kwa anayestahimili baridi. Kijijini, kati ya Julai na Agosti, mbuzi wenye mwili mweusi mbele na mweupe nyuma hupitishwa barabara kuu asubuhi wakienda malishoni na jioni wakirudi, kengele zinalia, watalii wamesimama kando na simu mkononi. Mbuzi hao hawakuwekwa kwa ajili ya picha tu: ni aina ya mifugo ya Valais, na ufugaji ndio uliowalisha watu hawa kabla ya hoteli.

Hatari ya majira ya joto ni radi. Mchana wa Julai mawingu hujijenga haraka, na asubuhi yenye anga safi haikuahidi chochote saa tisa alasiri. Anza mapema, maliza mapema.

Na skii ya Julai? Ipo, na ndiyo inayoipa Zermatt jina la mahali pa kuteleza siku 365. Inafanyika kwenye barafuto ya Theodul, yaani barafu nene ya miaka mingi inayosogea taratibu mlimani, karibu na Klein Matterhorn. Njia ni takriban kilomita 20, na kazi huanza asubuhi ikaisha mchana, kwa sababu theluji iliyoganda usiku hulainika jua likipanda. Wengi utakaowakuta ni timu za mataifa zinazofanya mazoezi. Lifti za pale ni za kuning'inia kwenye fimbo huku skii zikiwa chini, jambo ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza hataliweza. Kwa hiyo asiyewahi kuteleza asipange kujifunza Julai. Apande, aguse theluji, apige picha, ashuke akatembee.

Hata kwa wazoefu, skii hiyo haina uhakika tena. Mwishoni mwa Julai 2022 joto lilizidi hadi uongozi wa lifti ukasimamisha skii ya majira ya joto. Mwaka huo barafuto za Uswisi zilipoteza asilimia 6 ya ujazo wake, na mwaka 2023 asilimia 4 nyingine: moja ya kumi ndani ya miaka miwili. Mashindano ya Kombe la Dunia la skii yaliyopangwa kuanzia Zermatt na kuishia Italia yalifutwa mwaka 2022 na tena Novemba 2023, kwa theluji haba mara ya kwanza na kwa hali mbaya ya hewa mara ya pili, kisha yakaondolewa kwenye kalenda. Sisi ambao tumeishuhudia barafu ya Kibo ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu mwaka 1912 hatuhitaji kuelezwa mengi. Kinachoniuma ni kwamba barafu hiyo si mapambo tu; maji yake hulisha mito ya bonde lote la mto Rhône wakati mvua hazipo.

Kati ya majira hayo mawili kuna miezi ambayo mtu hujikuta amelipia safari ya kwenda kutazama milango iliyofungwa. Baada ya Pasaka hadi mapema Juni, na tena Oktoba hadi Novemba, lifti nyingi husimama kwa ukaguzi wa nyaya na mitambo, hoteli na migahawa mingi hufunga, njia za juu zina theluji iliyooza isiyotelezeka wala kutembeka. Bei huwa nafuu, na sababu ndiyo hiyo. Zermatt huwa na uhai kidogo kwa sababu ya barafuto yake, lakini katika miji mingine ya Alps utatafuta hata chakula. Kwa upande wa pili, wiki za Krismasi na mwaka mpya, na Februari wakati shule za Ulaya zinapofungwa, ndizo za bei ya juu na foleni ndefu. Nafasi nzuri kwa mgeni ni kuanzia wiki ya pili ya Januari, au Machi: siku zimerefuka, jua lipo, theluji bado nyingi. Kwa majira ya joto, mwanzo wa Septemba: umati umepungua, anga huwa safi.

Magari ya mafuta hayaruhusiwi kijijini. Anayekuja kwa gari huliacha Täsch, kilomita 5 chini, akapanda treni. Ndani ya kijiji ni miguu, mabasi na teksi ndogo za umeme. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich ni safari ya treni ya saa tatu na nusu hivi, kwa kubadilisha Visp. Acha nafasi katika ratiba ya kurudi. Januari 2018 theluji nyingi na hatari ya maporomoko vilifunga reli na barabara, wageni kama 13,000 wakakwama na baadhi wakasafirishwa kwa helikopta. Juni 2024 mvua kubwa na mafuriko yakaikata reli ileile. Usipange kushuka Zermatt asubuhi na kuruka jioni ileile.

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Schengen, ambayo kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 ni sharti la viza, lakini bima ya bei rahisi inayokidhi sharti hilo mara nyingi haigusi michezo ya theluji. Soma mstari huo mdogo, au uulize kwa maandishi: je, inalipia skii, na inalipia helikopta? Uswisi, gharama za kuokolewa mlimani humwangukia aliyeokolewa. Anayetaka Februari aanze makaratasi Oktoba. Anayetaka Julai aanze mapema zaidi, Februari au Machi, kwa sababu nafasi za miadi ya viza hujaa kabla ya likizo za Ulaya.